Vakansi iko na tarehe ya kurudi

*Kila mwaka, kisha proklamasio ya mwezi wa saba, watoto wanapanda gari, boti ao ndege juu ya kuenda kupitisha vakansi kwa ndugu. Ni desturi yetu, tena desturi nzuri. Lakini kati ya kumutuma mutoto vakansi na kumutoa kabisa kwa watu wa ngambo, kuko njia ndogo yenye watu wa hila wanaijua vizuri. Wazazi nao wanapaswa kuijua.*

Mwaka wa 2015, katika vijiji vya pembeni ya Gemena, mu jimbo la Sud-Ubangi, wazazi walipata habari yenye ilionekana kuwa njema. Waliambiwa kwamba watoto wao wataenda kupitisha siku kidogo mu kambi ya vakansi. Watoto wenyewe walikuwa wadogo sana, wa umri wa kubebwa bado mugongoni ao kufungwa viatu. Wazazi walikubali. Nani anakatalia mutoto wake vakansi?

Watoto walifikishwa Kinshasa, mamia ya kilometa mbali na kwao, wakawekwa mu nyumba ya yatima. Kutoka pale walipelekwa Ubelgiji, mu familia zenye zilikuwa zimeomba kuasili mutoto. Kwa zile familia, hawa walikuwa yatima. Karatasi ndivyo zilisema. Kule Gemena, wazazi waliendelea kungojea vakansi iishe.

Kisha miaka, uchunguzi wa Ubelgiji ulionyesha kwamba baadhi ya wale watoto walikuwa na wazazi wao, wazima, wenye kuwatafuta. Mu mwaka wa 2024 kesi ikafikishwa mbele ya tribinali kule Ubelgiji. Lakini hukumu ya tribinali, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kurudisha nyuma umri wa mutoto. Mutoto mwenye aliondoka akiwa wa miaka mitatu leo anasema lugha ingine, anaita mama mutu mwingine, na yule mama wa pili naye hakuiba kitu. Alidanganywa pia.

Tunaandika juu ya hii habari leo, si kwa kuwa ni ya ajabu, lakini kwa sababu ya neno moja lenye lilifungua mulango: vakansi.

Namna tunajua vakansi

Mutu mwenye alikulia Bukavu anajua mambo ya vakansi. Siku ya proklamasio inapita, buletini inasomwa, wenye walishindwa wanalia, na kisha siku mbili ao tatu unasikia mama anafunga nguo mu kifurushi. «Utaenda kwa koko.» Lubumbashi wanasema kwa nkambo. Jina ni tofauti, lakini furaha ni ile ile.

Wengine wanavuka na boti kuenda Idjwi, kula mananasi mpaka ulimi unauma. Wengine wanapanda Kabare ao Walungu, kule baridi ya asubuhi inakuamusha mbele ya jogoo, na koko anakupatia mashanza mu kikombe kikubwa kuliko uso wako. Wa Uvira na Baraka wanajua maji ya Tanganyika na ndagala zenye kuanikwa kwenye muchanga. Wa Lubumbashi wenye bahati wanatumwa Kasenga, pembeni ya Luapula, na wanarudi wakinuka samaki na wakisema Kibemba ya kuvunjika.

Foto za zile vakansi ni chache. Pengine moja tu, yenye mupiga foto wa soko alipiga mbele ya pazia lenye maua, watoto sita wamesimama kama waaskari. Lakini tuko na kitu kingine chenye kupita foto: mashahidi. Ukisema mbele ya jamaa, «Ile mwaka nilianguka mu muti wa mapera», watu kumi wanajibu kwa wakati moja. Shangazi anasema haukuwa muti wa mapera, ulikuwa wa avoka. Kaka mukubwa anasema yeye ndiye alikubeba. Koko anaonyesha kovu. Hivi ndivyo mutoto anajua kwamba alikuwa mutoto: kuko watu wenye walimuona.

Na tuseme kweli yote. Mu jamaa zetu, vakansi mara nyingi inarefuka. Mutoto anakuja kwa mama mudogo mwezi wa saba, mwezi wa kenda unafika, na yeye iko pale. Shule ya kule iko bora, ao baba alikosa kazi, ao mama alifariki. «Abakie kwanza hapa.» Ile «kwanza» inaweza kuwa miaka kumi. Hakuna karatasi, hakuna tribinali. Mutoto anamuita mama mudogo «mama», na mama yake wa kuzaa vilevile «mama». Siku ya ndoa yake, wote wawili wanakaa mbele.

Hatusemi kwamba hii desturi haina shida. Kuko watoto wenye walikuja vakansi wakageuka kuwa watumishi wa nyumba, wenye kuchota maji wakati wengine wanaenda shule. Lakini hata pale, mutoto anajua kwao ni wapi. Anajua jina la kijiji, jina la ukoo, na njia ya kurudi. Mulango haufungwe na ufunguo.

Ndiyo sababu wazazi wa Gemena hawakuwa wajinga. Walifanya jambo lenye kila muzazi wa Kongo amefanya. Walimutoa mutoto kwa mukopo, si kwa bei.

Neno moja, maana mbili

Shida inaanza pale maneno mawili yanakutana. Muzazi wetu anasikia «tutamulea mutoto wako, atasoma Ulaya». Kwake ni kama mama mudogo wa mbali: mutoto atasoma, atakomaa, siku moja atarudi na diploma na kujenga nyumba. Wengi wanafikiri hata kwamba atatuma kitu kidogo kila mwezi.

Mwenye kumupokea kule ngambo yeye anasikia neno lingine. Kwa Kifaransa ni «adoption». Watu wa Tanzania wanasema kuasili. Sisi tunasema tu kukamata mutoto, na pale ndipo tunapotea, kwa sababu kukamata kwetu kunaweza kuwa kwa mwezi moja ao kwa maisha.

Sheria ya Ufaransa, tangu mwaka wa 1966, iko na aina mbili. Moja wanaiita «adoption simple»: mutoto anapata wazazi wapya, lakini kamba ya kwao haikatwe. Ya pili ni «adoption plénière»: mutoto anahesabiwa kama kwamba amezaliwa na wale wazazi wapya. Jina linabadilika, anaandikwa upya mu kitabu cha leta, na ukoo wa kwanza unaisha mbele ya sheria. Ubelgiji nao wako na hii aina ya pili. Marekani, kuasili mutoto kwa kawaida kunakata kabisa.

Sheria yetu ya Kongo haifikiri hivyo. Code ya familia ya mwaka wa 1987, yenye ilirekebishwa mu 2016, inasema kuasili kunaunda uzazi mupya wenye kuwa tofauti na ule wa kuzaliwa. Haifute ule wa kwanza. Wazee wenye waliandika ile Code walijua namna watu wa kwetu wanaishi. Ndiyo maana hukumu yenye kutoka Kongo, ikifika Ufaransa, inachukuliwa kuwa ile aina ya kwanza, yenye haikate. Kusudi igeuzwe kuwa aina ya pili, muzazi wa kuzaa anapaswa kukubali wazi, akijua anachokubali.

Akijua anachokubali. Hapa ndipo mambo yote yako. Mama mwenye kutia kidole kwenye karatasi ya Kifaransa yenye hakusomewa, amekubali nini?

Neno lingine lenye kudanganya ni «yatima». Kwa Kiswahili, mutoto mwenye alifiwa na baba tu anaitwa yatima, hata kama mama yake iko sokoni anauza sambaza. UNICEF nao wanahesabu hivyo: mwenye alikosa muzazi moja ao wote wawili. Lakini muzungu mwenye kusikia «yatima» anafikiri mutoto mwenye hana mutu hata moja duniani, amekaa peke yake pembeni ya njia. Kati ya hesabu ya sisi na mawazo ya yule, kunapita watoto wengi wenye mama, wenye koko, wenye wajomba. Mu nyumba nyingi za yatima, watoto wengi waliletwa pale kwa sababu ya umaskini ao vita, si kwa kuwa hawana mutu.

Tchad na Haiti: hadithi ya namna moja

Wenye kufikiri kwamba Gemena ni ajali ya Kongo peke yake wakumbuke mwezi wa kumi, mwaka wa 2007. Mu muji wa Abéché, mashariki ya Tchad, watu wa asosiasio moja ya Ufaransa, L'Arche de Zoé, walikamatwa wakiwa tayari kupandisha ndege watoto 103. Walisema ni yatima wa vita ya Darfur. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wa wale watoto walikuwa wa Tchad yenyewe, na walikuwa na muzazi ao mutu wa jamaa mwenye kuwatunza. Wazazi walikuwa wameambiwa kwamba watoto wao watapewa shule palepale karibu. Kule Ufaransa, familia zilikuwa zinangojea na vitanda vilikuwa tayari.

Tribinali ya N'Djamena iliwahukumu watu sita wa ile asosiasio miaka 8 ya kazi ngumu. Walipelekwa Ufaransa, na mu mwezi wa tatu 2008 rais Idriss Déby akawasamehe. Majirani wetu wa Brazzaville hawakungojea. Kisha ile habari, walisimamisha kwanza kuasili watoto kwa watu wa inchi za kigeni.

Haiti, mu mwezi wa kwanza 2010, siku kidogo kisha tetemeko kubwa la udongo, kundi la Wamarekani lilisimamishwa kwenye mupaka wa République dominicaine na watoto 33. Nao walisema ni yatima. Wengi walikuwa na wazazi. Na wazazi waliambiwa nini? Kwamba watoto wataenda mahali pazuri, penye shule, uwanja wa mupira na piscine. Soma tena: mupira na piscine. Kwa masikio ya muzazi, hiyo ni vakansi.

Tunaona kwamba ni hadithi ya namna moja. Kuko vita ao tetemeko ao njaa. Kuko mugeni mwenye moyo muzuri, na mara nyingi ni kweli moyo wake ni muzuri. Kuko mutu wa katikati mwenye kujua lugha mbili na kupata faida pande mbili. Na kuko neno lenye halikutafsiriwa.

Wakati mulango ulifungwa

Tarehe 25 ya mwezi wa kenda 2013, DGM yetu ilisimamisha kutoa ruhusa ya kutoka inchini kwa watoto wenye waliasiliwa na wageni. Serikali ilieleza kwamba kulikuwa karatasi za uongo, na pia habari za watoto wenye waliteswa kule ngambo ao kupitishwa kutoka familia moja mpaka ingine. Mu ule mwezi wenyewe, wapasha habari wa Reuters walikuwa wameonyesha namna mu Marekani wazazi wamoja walikuwa wanatoa watoto wenye waliasili, kwa kupitia intaneti, kwa watu wenye hawajui hata kidogo.

Woga wa serikali ulikuwa na musingi. Lakini mulango ulifungwa na watoto wakiwa tayari kwenye kizingiti. Mamia ya familia za Marekani, Ufaransa, Italia, Ubelgiji na kwingine zilikuwa na hukumu ya tribinali ya Kongo mukononi. Mbele ya sheria walikuwa wazazi. Watoto walikuwa na majina mapya mu karatasi, lakini miili yao ilikuwa Kinshasa, Lubumbashi, Goma. Wazazi wamoja walihamia Kinshasa na kupanga nyumba kule. Wengine walimuona mutoto kwenye ekrani ya telefone tu, akikua meno, akipoteza meno.

Tarehe 28 ya mwezi wa tano 2014, watoto 31 waliruhusiwa kuenda Italia, na ndege ya serikali ya Italia ilikuja kuwabeba pamoja na minisitiri. Wengine walibakia. Mwanzo wa mwezi wa kumi na moja 2015, komisio ya serikali ikafungua njia kwa 69. Mu 2016 wengine wakafuata. Hesabu mwenyewe: kutoka 2013 mpaka 2016, mutoto mwenye alikuwa wa miaka miwili anafika tano. Ile ni miaka yenye mutoto anajifunza kusema, kukimbia, kujua mutu wake ni nani. Waliipitisha mu salo ya kungojea.

Hatuwezi kuwahukumu wote kwa fimbo moja. Mu wale watoto, kulikuwa wenye hakika hawakuwa na mutu: wenye waliokotwa, wenye waliachwa hospitali, wenye ugonjwa wenye hauna dawa hapa. Kwao, ile familia ya mbali ilikuwa familia yenyewe, na kila mwezi wa kungojea ulikuwa mwizi. Kufunga mulango kwa wote ni rahisi kuliko kuchungua kila karatasi. Lakini wakati tunashindwa kuchungua, wenye kulipa ni watoto wa pande mbili: wale wenye wangepaswa kuenda, na wale wenye hawangepaswa hata kidogo.

Inchi zingine nazo zilichukua njia yao. Ethiopia, yenye ilikuwa inatoa watoto wengi kuliko inchi nyingi za Afrika, ilikataza kabisa mu 2018. Uholanzi, kisha uchunguzi juu ya mambo ya zamani, ilisimamisha mu 2021 kupokea watoto wapya kutoka ngambo. Hata wenye kupokea walianza kujiuliza.

Foto zenye kukosekana

Mutoto mwenye aliasiliwa mbali hakosi vakansi. Pengine anapata vakansi kupita zetu: bahari, milima yenye teluji, foto mia tatu mu telefone ya mama. Familia nyingi zinamupenda kweli. Shida yake si ya vakansi za kisha. Ni ya zile za mbele. Album yake inaanza aeroporti.

Mbele ya aeroporti, nani alimuona? Alizaliwa saa ngapi? Alifanana na nani? Nani alimupatia jina lake la kwanza, na lilitaka kusema nini? Kwetu, jina ni habari. Mu Bushi, mu Bunande, mu Luba, jina linasema ulizaliwa kisha mapacha, ao wakati wa matanga, ao njiani. Likifutwa, si neno tu lenye kufutwa.

Historia ilikwisha kutuonyesha namna ile kiu inadumu. Wakati wa ukoloni, Wabelgiji walibeba watoto machotara, wenye baba muzungu na mama mweusi, wakawaondoa kwa mama zao na kuwaweka kwa wamisionere. Wamoja waliwekwa Katende, mu Kasai. Hawakuwa yatima. Mama zao walikuwa wazima, wajomba zao walikuwa wazima. Tarehe 4 ya mwezi wa ine 2019, minisitiri wa kwanza wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba msamaha mbele ya bunge. Na tarehe 2 ya mwezi wa kumi na mbili 2024, kur dapel ya Bruxelles ilitoa haki kwa wanawake watano wenye walipitia Katende, na kusema kwamba kuwabeba vile ilikuwa uhalifu juu ya ubinadamu. Wale wanawake walikuwa na miaka zaidi ya makumi saba. Watoto wao, wajukuu wao wako. Na bado walikuwa wanatafuta kitu chenye walinyanganywa mbele ya kufikia miaka saba.

Mutu asifikiri kwamba mutoto mudogo anasahau. Anasahau sura, anasahau lugha. Lakini anabakia na ulizo. Ndiyo maana leo watu wazima wenye waliasiliwa wakiwa wadogo wanarudi: Korea, Sri Lanka, Ethiopia, na hapa kwetu pia. Wanakuja kama watu wa vakansi, na sac mugongoni na apareyi ya foto. Lakini hawakuje kuangalia ziwa. Wanakuja kutafuta shahidi hata moja mwenye kuweza kusema: «Ndiyo, wewe nilikuona.»

Vakansi ya kweli iko

Msiogope kila mugeni. Kuko watu wenye wanapokea watoto kwa vakansi na kuwarudisha. Kisha ajali ya Chernobyl ya 1986, watoto wengi wa Belarus na Ukraine walipokelewa wakati wa vakansi na familia za Italia, Irlande, Ujerumani na Hispania, juu ya kupumua hewa safi na kula vizuri. Kila kiangazi, watoto wa Sahara ya Magharibi wenye wanaishi mu kambi za wakimbizi karibu na Tindouf, mu Algeria, wanaenda Hispania mu programu yenye inaitwa «Vacaciones en Paz». Joto likipungua, wanarudi kwa mama zao, wamenona kidogo na wako na viatu vipya. Wengi wanarudi kwa ile ile familia mwaka wenye kufuata. Wanakuwa na nyumba mbili bila kupoteza hata moja.

Tofauti ni nini? Kule, mutoto anaondoka na jina lake, muzazi anajua jina na adresi ya mwenye kumupokea, na siku ya kurudi inajulikana mbele ya siku ya kuondoka. Vakansi iko na tarehe ya kurudi. Chenye hakina tarehe ya kurudi, hata kama wanakiita vakansi, ni kitu kingine.

Maulizo ya kuuliza mbele ya kutia kidole

Kongo ilikubali mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za mutoto tangu 1990, na iko na sheria ya ulinzi wa mutoto ya tarehe 10 ya mwezi wa kwanza 2009. Mapatano ya La Haye ya mwaka wa 1993 yanasema vilevile: kwanza mutafute jamaa ao familia mu inchi ya mutoto; muzazi akubali kwa hiari, kwa maandiko, bila kulipwa; na aelezwe matokeo. Hata wakati hakuna polisi karibu, muzazi anaweza kutumia ile busara mwenyewe. Ikiwa mutu anakuja kukuomba mutoto, uliza haya:

Ya kwanza: «Atarudi tarehe gani, na nani analipa tiketi ya kurudi?» Kama jibu ni «tutaona», basi umeona.

Ya pili: «Hii karatasi inasema nini?» Isomewe kwa lugha yenye unaelewa, na mutu wako, si mutu wao. Mwalimu wa shule, padri, pasta, imamu, yeyote mwenye kujua Kifaransa na mwenye hana faida mu ile kazi. Kama kumeandikwa «orphelin» ao «abandonné» na wewe uko mbele yao muzima, usitie kidole.

Ya tatu: «Ni kwa nini kuko feza?» Mwenye kukuletea sukari, kitenge ao dolari kidogo juu ya «kukusaidia» siku moja na kukuomba mutoto, hafanye mapendo. Ananunua.

Ya ine: «Tribinali gani inajua?» Kuasili mutoto hapa kunapitia kwa muamuzi, mu tribinali ya watoto, si mu hoteli na si mu biro ya asosiasio. Uende mwenyewe ku Division ya Affaires Sociales ya jimbo, uulize kama wanajua ile nyumba ya yatima na wale watu.

Ya tano, kwa wakati wa vita, na tuko nao mara nyingi mu mashariki: ikiwa mutoto amepotea mu kukimbia, ao umeokota wa mwingine, usimutoe kwa mutu mwenye kupita. Croix-Rouge wako na kazi ya kutafuta jamaa zenye zilitawanyika. Walifanya ile kazi mu Goma na Bukavu kisha 1994, mpaka kutembeza foto za watoto kusudi mutu amutambue wake, na hawakuiacha. Mutoto wa vita mara nyingi hakosi jamaa, anakosa habari yake tu.

Na kwa jamaa zenye, kisha kufikiri vizuri na kufuata sheria, zinamuacha mutoto aende kwa sababu hakuna njia ingine: musimuache aende mikono mitupu. Andikeni. Jina lake na maana yake. Jina la kijiji, la groupement, la koko. Nani alimubeba mugongoni, na chakula chenye alipenda. Mutieni foto moja, hata ile ya mbele ya pazia lenye maua, na mubakie na ingine kama ile ile. Karatasi ya shule ya franka kidogo inatosha. Familia yenye kumupokea, kama ni ya watu wazuri, itaiweka mu album, ukurasa wa kwanza, mbele ya aeroporti.

Vakansi ya mwaka huu nayo itafika. Tutawafunga watoto nguo, tutawaambia wamusalimu koko. Tuandike kwenye karatasi siku yenye watarudi, na tuitie mufukoni mwao.